Pingili ya Nne

Kigwa,
9 Machi 2024

Mdogo wangu Anton,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya debe lililogeuzwa, maana kiti kinanishinda. Hapa tupo, tunamshukuru Mungu. Mvua mwaka huu imetosha hata imezidi. Karanga za bondeni zimeoza, za juu zimesimama vizuri. Katekista Mhoja anakusalimu. Ndiye anayenichukulia barua zangu posta kila anapokwenda mjini. Jirani yetu Levina naye anakusalimu. Wifi Julieth na watoto wape salamu zangu zote.

Mama yupo. Upande wa kulia bado haujarudi tangu apigwe na kiharusi, ila maneno yanaeleweka ukimpa muda, nami namsoma midomo. Barua yako ya Krismasi nimemsomea mara nne. Mhoja akigonga mlango, Mama anauliza kwanza kama Toni ameandika, ndipo anaitikia salamu.

Najua ungependa kupiga simu. Lakini zile sindano za kifua kikuu ziliponya mapafu zikachukua masikio yangu, na hayatarudi. Levina angeweza kunipokelea, ila kuna mambo mtu hapendi yapite mdomoni mwa jirani.

Jambo lenyewe ni mgongo. Ulianza kabla ya Krismasi. Nikiinama, hapa kiunoni kuna kitu kinahama, kama droo inayochomoka kwenye kabati. Nikilala kinarudi. Mwezi uliopita nilikwenda hospitali mjini Tabora, wakanilaza mezani, wakanionyesha kwa ishara nizuie pumzi, wakapiga picha ya mifupa. Daktari akaandika kwenye karatasi kwamba haoni tatizo. Akaandika tena: "Unabeba nini kizito?" Nikamjibu maji.

Picha nimeifunga katikati ya kalenda mbili za zamani ili isikunjike. Hiyo ndiyo kazi yako, mdogo wangu. Iangalie, uniambie ukweli.

Dada yako,
Bertila


Dar es Salaam,
30 Machi 2024

Dada Bertila,

Shikamoo. Na Mama mfikishie shikamoo yangu. Kesho ni Pasaka, Julieth amewashonea watoto nguo za kitambaa kimoja wamekuwa kama kwaya. Joto la huku halina huruma, lakini wote wazima.

Picha imefika salama. Nimeiweka kwenye taa nikaiangalia. Pingili zote za uti wa mgongo zimepangana vizuri, hakuna ufa, hakuna iliyosagika. Ni misuli, Dada. Nimekufungia na dawa ya kuchua, paka asubuhi na jioni. Ukinyanyua kitu piga magoti, usiiname.

Mwezi wa sita nitakuja, nimeshaongea na wakubwa wangu. Mwambie Mama kwamba Toni anakuja.

Mdogo wako,
Anton


Kigwa,
16 Juni 2024

Mdogo wangu Anton,

Marahaba. Mama anaitikia marahaba na anauliza utafika na treni ya siku gani. Namjibu kwamba hujaandika. Baridi imeingia, michembe ya viazi imekauka vizuri, Mama anaipenda ikipikwa na karanga. Levina amevuna mpunga magunia sita.

Dawa ya kuchua imekwisha. Haikusaidia.

Jumanne iliyopita nilikuwa namtoa Mama kitandani nimpeleke kuoga. Tulikuwa kifua kwa kifua, mikono yake shingoni mwangu, kama tunavyofanya mara nne au tano kwa siku. Nilipogeuka, kile kitu kiunoni kikahama na mguu wa kushoto ukawa si wangu. Tulianguka wote wawili, mimi chini, yeye juu yangu. Nilihisi kifua chake kinatetemeka nikajua analia. Tulikaa pale sakafuni mpaka Levina alipokuja kuomba chumvi.

Nimemwambia Mama kwamba niliteleza kwenye maji. Hapakuwa na maji. Naomba na wewe usimwandikie lolote kuhusu hili.

Nilimwomba shangazi Josepha wa Gongoni, kule mjini, anitafutie msichana wa kunisaidia. Alijibu hivi: "Mtaalamu wetu amesema mgongo mzima. Sasa unataka msaidizi wa nini?" Kumbe maneno yako yamefika kwa ukoo wote. Sikulaumu, ulisema ulichokiona. Lakini vidole vya mguu wa kushoto havijui tena kama sakafu ni ya moto au ya baridi.

Juni imefika katikati.

Bertila


Dar es Salaam,
1 Julai 2024

Dada Bertila,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, sikuweza kuingia ndani mpaka nilipoimaliza. Julieth anakupa pole nyingi.

Nisikilize vizuri. Ile picha ya Tabora ulipigwa ukiwa umelala, umetulia, umezuia pumzi. Mfupa unaoteleza ukilala unarudi mahali pake wenyewe, kama ulivyoniambia. Ni sawa na kumpiga picha mlevi aliyelala halafu useme anatembea vizuri. Hapa kazini kwetu mwaka jana ililetwa mashine inayopiga mionzi mfululizo, kama video. Mgonjwa anasimama, anainama, ananyooka, nasi tunaona kila pingili inavyokwenda na inavyorudi. Ugonjwa wako unajificha ukitulia. Tuutafute ukiwa kwenye mwendo.

Panda treni uje. Levina akae na Mama wiki moja. Nimeshaongea na Daktari Ridhaa, mama mmoja mpole, kwao ni Tabora mjini, bingwa wa mifupa. Amekubali kukuona.

Mimi likizo wamenikatalia. Watu wawili wameacha kazi na nafasi zao hazijajazwa. Mwombe Mama anisamehe.

Anton


Kigwa,
28 Julai 2024

Mdogo wangu Anton,

Nimefika salama. Mama nimemkuta mzima, Levina alimtunza vizuri, hata nywele alimsuka. Mwambie wifi kwamba kitenge alichonipa, Mama amekitaka yeye, nimemwachia.

Ndani ya treni nililala kifudifudi njia nzima, watu wakanihurumia wakaniachia kiti kizima. Nikawa namkumbuka babu yake Mama. Alipita njia hii hii kwa miguu hadi pwani na pembe ya ndovu begani, akarudi bega moja limeshuka, na halikupanda tena hadi anakufa. Mama huwa anaisimulia habari hiyo kwa majivuno. Mara hii habari yenyewe haikunifurahisha.

Nimefikiria sana chumba kile cha mashine. Wewe nyuma ya kioo, mimi sisikii, ukawa unaniongoza kwa mikono: inama, polepole, simama, rudi nyuma. Ulikuwa unalia, Anton. Ulidhani kioo kinakuficha. Baadaye uliponigeuzia ile skrini nikaona mifupa yangu mwenyewe inatembea. Inakwenda pamoja kama watu kwenye msafara, kisha mmoja anatoka kwenye mstari, anasogea mbele peke yake, anarudi. Nilikuuliza ni huo? Ukatikisa kichwa kuitikia. Miezi yote naambiwa sina kitu, na kitu chenyewe kilikuwa pale kinatembea. Nilijisikia nafuu, ajabu, kabla sijaogopa.

Samahani sikuweza kungoja majibu ya daktari. Nilikuwa nawaza Mama anageuzwaje.

Kuna jambo moja nitaliandika mara moja tu. Siku ile tunachambua mchele, wifi aliniandikia kwenye daftari la mtoto: "Toni mwaka huu hajaomba likizo kabisa. Mwambie apumzike." Sikumwambia kitu. Nawe sikuulizi.

Bertila


Dar es Salaam,
11 Agosti 2024

Dada Bertila,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama. Watoto wanakuulizia. Mdogo anawaigizia wenzake jinsi shangazi anavyosoma midomo. Nafurahi kusikia kitenge kimepata mwenyewe. Mama, uendelee kula vizuri, nami nikipata nafasi nitakuja nikuone.

Karatasi ya pili ni ya Dada peke yake. Usimsomee Mama.

Dada, majibu yametoka. Ni pingili ya nne ya kiuno. Ukisimama wima imekaa vizuri, ukiinama inateleza mbele ya ile ya tano karibu unene wa kidole, na inabana mishipa inayoshuka mguuni. Kwa sasa Daktari Ridhaa anataka uendelee na mkanda na mazoezi ya viungo pale mjini, kama alivyokuandikia ulipokuwa huku. Baadaye ni upasuaji, wazifunge hizo pingili mbili kwa skrubu zisihame. Upasuaji wenyewe usipite mwezi wa pili mwakani.

Sasa niseme lile ambalo hukumwambia daktari yeyote. Si maji. Ni Mama. Kumnyanyua Mama ndiko kunakuvunja. Daktari alisema wazi: ukiendelea kubeba mtu mzima kila siku, mguu huo utakufa, na haja ndogo hutaizuia tena. Kila unapomnyanyua unajikata mwenyewe. Mtafute mtu. Mweleze shangazi Josepha nimesema mimi. Lakini Mama asijue, itamuua.

Anton


Kigwa,
22 Septemba 2024

Mdogo wangu Anton,

Marahaba. Jua ni kali, visima viwili vimekauka, tunateka kile cha stesheni. Mhoja alikuwa mgonjwa ndiyo maana kalamu yangu imechelewa.

Barua yako ilifika nikiwa Gongoni kwa shangazi, wiki ya mazoezi na kupimwa mkanda. Niliikuta juu ya kabati. Nimeisoma peke yangu, Mama sijamwambia neno. Shangazi nimempelekea uliyoyaandika, habishi tena, lakini msichana hajapatikana. Levina ananisaidia asubuhi. Mara nyingine namnyanyua mwenyewe. Usinifokee. Mtu akikwambia amebanwa na haja huwezi kumwambia asubiri jirani arudi shamba.

Tena siku hizi si kazi kama zamani. Mama amepungua. Uji anakunywa vijiko viwili anafunga mdomo, michembe haitaki, anasema tumbo limejaa. Nesi wa zahanati alikuja akampima, akaniandikia kwamba hana malaria, ni uzee. Jana nilimtoa kitandani nikashangaa, alikuwa mwepesi kama mtoto. Sikujua nimshukuru Mungu au nilie.

Njoo, Anton.

Bertila


Dar es Salaam,
6 Oktoba 2024

Dada Bertila,

Shikamoo. Hapa tu wazima. Pole kwa visima.

Wazee hupungua, Dada, hata huku naona. Mpe juisi ya ubuyu, mpe na asali kidogo kwenye uji. Na kama amekuwa mwepesi, basi katika mabaya angalau mgongo wako unapata kupumua.

Najipanga kuja mwezi wa kumi na mbili, safari hii kweli.

Anton


Dar es Salaam,
17 Novemba 2024

Dada Bertila,

Shikamoo. Mwezi mmoja sasa tangu tumzike Mama. Nimeanza barua hii mara tatu.

Nilifika jeneza limeshafungwa, wewe unajua. Siku tatu nilizokaa nyumba ilikuwa imejaa watu, nawe ulikuwa umekaa kwenye mkeka na wanawake, kila nikikukaribia unatazama chini. Mtu asiyesikia akitazama chini, huna tena njia ya kuongea naye. Levina naye aliniwekea chakula bila kunitazama.

Nataka kujua siku zake za mwisho zilikuwaje. Je, aliniulizia? Alikuwa na maumivu? Wewe pekee ndiye unayeweza kuniambia. Na ile habari ya upasuaji bado ipo, Daktari Ridhaa ananiuliza kila wiki.

Anton


Kigwa,
8 Desemba 2024

Mdogo wangu Anton,

Marahaba. Mvua zimeanza. Nimepanda mahindi ya karibu na nyumba tu, kwa kukaa chini na kujisogeza. Shangazi Josepha alikuja kwenye arobaini, akalia sana, akaondoka.

Umeuliza. Nilikuwa sijui hadi baada ya hiyo arobaini. Watu walipotawanyika Levina alibaki, akanishika mkono, akaongea taratibu ili nimsome. Nakuandikia alivyoniambia.

Barua yako ya Agosti Mhoja aliileta nikiwa Gongoni. Mama akamwambia Levina aifungue. Levina akasoma ukurasa wa kwanza. Akachukua wa pili, akanyamaza.

"Mbona umenyamaza?"

"Mama, hapa Toni anaongea na dada yake tu."

"Toni nimemzaa mimi. Soma."

Akasoma yote. Anasema Mama hakugusa uji mpaka ukapoa kwenye bakuli. Kisha akauliza: "Levina, mimi nina kilo ngapi?"

Levina akasema hajui.

"Usimwambie Bertila kama nimesikia. Na Toni asijue kabisa, ataumia."

Levina akaibandika bahasha kwa uji ule ule akaiweka juu ya kabati. Kuanzia kesho yake Mama akawa anakula vijiko viwili. Levina aliona, mimi nikaona, nesi akaona. Levina peke yake ndiye aliyejua, na alikuwa ameapa.

Uliuliza kama alikuwa na maumivu. Mwishoni midomo ilikauka ikapasuka. Nilikuwa namlowesha kwa pamba, anageuza uso. Wiki ya mwisho nilimnyanyua kwa mkono mmoja. Aliniwekea kiganja chake kizima hapa kiunoni, mahali penyewe kabisa, akakiacha hapo. Nikadhani anajishikilia asianguke.

Kila siku alikuulizia.

Mama alitaka usijue. Nimemvunjia neno lake nikiwa na akili zangu. Nikikaa na jambo hili peke yangu nitakuchukia, na sina ndugu mwingine.

Bertila


Dar es Salaam,
26 Desemba 2024

Dada Bertila,

Shikamoo.

Sina habari za nyumbani leo. Julieth amewapeleka watoto kwa mama yake kwa ajili ya Krismasi. Mimi nimebaki.

Uliniomba ukweli mwezi wa tatu. Nakupa sasa, hauna faida tena.

Niliiona. Ile picha ya Tabora niliiweka kwenye taa, na kati ya pingili ya nne na ya tano palikuwa na ngazi ndogo, nyembamba kama ukucha. Daktari wa huko angeweza kuikosa, umelala, mfupa umekaribia kurudi. Lakini mimi nimeangalia migongo miaka kumi na minne. Nilijua ni kitu gani, na nilijua kinatokana na nini, maana nilijua unamnyanyua nani. Nikajua pia kwamba nikiandika hivyo, swali litakalofuata ni: sasa nani atamnyanyua Mama? Na jibu lilikuwa mimi. Nikaandika misuli.

Unakumbuka nilivyokuja mara ya mwisho Mama akiwa hai, mwaka ule alipougua? Ulikwenda kisimani ukaniacha naye. Alijichafua. Nilianza kumbadilisha nguo, akageuza uso ukutani, akafumba macho, machozi yakawa yanamtoka kwa aibu. Nilimaliza, nikatoka nje nyuma ya jiko, nikatapika. Sikutapika kwa uchafu, Dada. Sikuweza kumwona Mama ananionea haya. Nikajiambia sitaweza tena. Likizo sikunyimwa. Sikuomba.

Jana nimeifungua ile video yako ofisini. Unainama, unasimama, unainama. Nimeitazama mpaka mlinzi aliponiambia anataka kufunga.

Sijui nikuombe nini.

Anton


Kigwa,
12 Januari 2025

Anton,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliipeleka jikoni niichome, nikashindwa kuinama hadi kwenye moto. Mara ya pili niliisoma nikiwa nimelala.

Sijakusamehe. Nakwambia mapema usije ukadhani nakuandikia kwa ajili hiyo. Labda itakuja, labda haitakuja.

Mguu wa kushoto sasa unaburuza. Asubuhi najiviringisha kutoka kitandani mpaka sakafuni, kisha najivuta kwa kushika dirisha. Kuna siku nafika mlangoni saa nne, kuna siku sifiki. Juzi sikuwahi choo. Levina ndiye aliyenibadilisha nguo, nami niligeuza uso. Yeye ana shamba lake, msimu umeanza, siwezi kumfunga hapa.

Daktari alisema usipite mwezi wa pili. Siwezi kukaa kwenye treni mpaka Dar bila mtu wa kuninyanyua. Shangazi Josepha amesema atatuma kijana wa kukodi. Nimekataa.

Nataka uwe wewe. Upige magoti kando ya kitanda, uweke mikono yangu shingoni mwako, kifua kwa kifua, uninyanyue. Nitakuonea haya, nawe utaniona, na hutatoka nje.

Usiijibu barua hii. Njoo.

Bertila